Vidole Vitatu Kila Upande

Baba yangu ni fundi wa nguo za kiume, na mtaa mzima unamwita Bwana Futi kwa sababu ule utepe wake wa njano wa kupimia hautoki shingoni. Anakula nao, anapokea wageni nao, na Mama anaapa kuna siku aliingia bafuni, akaoga, akatoka, na utepe ukiwa palepale.

Jumatatu moja asubuhi, kabla hata sijamaliza kufungua madirisha ya duka, akatangaza kwamba mwaka huu tunakwenda likizo.

Nilikuwa napasha pasi. Hiyo ndiyo kazi yangu pale dukani, mwaka wa kumi na sita sasa: yeye anakata na kushona, mimi natoboa matundu ya vifungo na kupiga pasi. Nikadhani sikusikia vizuri. Baba hajawahi kwenda likizo tangu aitwe fundi. Siku niliyozaliwa alikuja hospitali na suruali ya mteja, akakaa kwenye benchi la nje akiipiga pindo huku akinisubiri nitoke.

"Likizo ya wapi, Baba?"

"Jimbo la pwani."

"Pwani kubwa. Sehemu gani?"

"Lote," akasema. "Mtu hanunui mkono mmoja wa koti."

Jimbo lenyewe si la mchezo. Madereva wa malori wanaoshonesha kwetu wanasema ukiingia kwa upande wa kaskazini umevaa sweta, utatokea kusini sweta, shati na soksi umevishika mkononi, na siku tatu zimekwisha. Juu kuna milima ambayo asubuhi nyasi zake zina barafu. Ukishuka unakuta misitu, kisha nyika ya mchanga isiyo na hata kichaka cha kujificha ukibanwa na haja, kisha ziwa la chumvi, kisha ufukwe mrefu ambao hakuna dereva anayekubali kusema aliuona mwisho wake. Mzee wangu, ambaye kutoka nyumbani hadi dukani ni hatua mia nne na kumi (amezipima), alitaka vyote hivyo katika siku kumi na mbili.

Jioni alimwambia Mama. Mama alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, mkono ukasimama.

"Jimbo la pwani?"

"Ndiyo."

"Wewe umeamua mwenyewe?"

"Kwani nani ananiamulia?"

Mama akaendelea kuchambua. Baadaye nilimsikia chumbani akiimba, na Mama haimbi ovyo. Kesho yake alinunua kitambaa cha gauni, akakipeleka kwa fundi wa kike wa ng'ambo ya barabara na kumwomba amalize upesi.

Ili uelewe kwa nini Mama aliimba, inabidi nikurudishe miaka tisa nyuma, kwenye koti.

Mama ana ndugu mmoja tu duniani, dada yake, Mama Mkubwa. Walipokuwa wanamwoza binti yao, mumewe, Baba Mkubwa, alimpa Baba kazi ya kumshonea koti la sherehe. Wawili wale, kwa kuwa wameoa ndugu, walikuwa wakiitana mwanyumba, na wakikutana hutawasikia wakisemeshana kwa neno jingine: mwanyumba njoo, mwanyumba kaa, mwanyumba kunywa chai. Koti likashonwa. Siku yenyewe, mbele ya wakwe na wapiga picha, Baba Mkubwa akainama kusaini kitabu cha ndoa kama mzazi wa bibi harusi, na koti likapasuka mgongoni kuanzia kola hadi kiunoni. Mlio wake ulisikika hadi viti vya nyuma. Watu walicheka, na mimi nilicheka, Mungu anisamehe.

Baba Mkubwa akainuka, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Huyu fundi akashone magunia."

Baba naye hakulala nalo. "Koti halina kosa. Nilimpima mtu, limekuja kuvaliwa na tembo."

Hapo mwanyumba zikaisha. Mwezi uleule Baba Mkubwa akahamishwa kikazi, wakaenda kuishi kwenye mji mmoja wa jimbo la pwani, na hawakurudi tena. Dada wawili wakabaki kuzungumza kwa simu kila Jumapili, wakilia mwishoni na kusingizia mtandao mbaya. Mama alimwambia Baba mara moja tu: "Siku utakayokuwa tayari kwenda kwa dada yangu, utanitamkia mwenyewe. Mimi sikuombi." Na Mama akishasema hivyo, hata umletee wazee wa nchi nzima, harudii.

Basi aliposikia jimbo la pwani akajua siku imefika. Amengoja miaka tisa, asiimbe?

Baba alianza maandalizi kama anavyoanza suti. Dereva mmoja mteja wake alimletea ramani ya jimbo lile, kubwa, ya karatasi nzito, ambayo kwa ukubwa wake ilichapishwa vipande viwili, cha juu na cha chini. Mtu mwingine angevibandika kwa gundi. Baba alisema gundi ni ya maseremala na watoto wa shule. Mimi nikiwa nimetoka kununua vifungo, alivilaza vile vipande uso kwa uso, akavipitisha kwenye cherehani, akavifunua. Niliporudi nikakuta jimbo zima limeshonwa na kutundikwa ukutani, juu ya meza ya kukatia.

"Unaonaje?"

"Imenyooka," nikasema, maana mshono wa Baba hata kwenye karatasi huwezi kuuonea kosa.

Kuanzia siku hiyo duka likawa ofisi ya safari. Milima ya kaskazini akaiita kola. Misitu ikawa mabega, nyika ikawa mgongo, rasi iliyoingia baharini ikawa mkono wa kushoto, na ufukwe wote ukawa pindo. Akaupima kwa utepe ghuba kwa ghuba, akaja na hesabu kwamba pindo la jimbo lile ni refu kuliko pindo zote alizowahi kushona maishani. Mteja anakuja kujaribu koti, anasimamishwa na pini mabegani, anaelezwa ziwa la chumvi. Mpango aliuandika kwa chaki kwenye ubao mweusi wa vipimo: siku ya kwanza kola, ya tatu mabega, ya tano mgongo. Siku ya sita mpaka ya nane aliandika neno moja tu, mapumziko.

"Baba, kwani likizo yenyewe si mapumziko? Hayo ni mapumziko ndani ya mapumziko?"

"Wewe piga pasi."

Kulikuwa na jambo dogo kwenye ramani lililonishangaza. Barabara kubwa ilishuka vizuri kutoka milimani, ikafika katikati ya jimbo, kwenye mshono, ikakatika. Pembeni kidogo ikaanza barabara nyingine isiyo na undugu nayo. Mto nao vivyo hivyo. Nilimwonyesha Baba, akaitazama kwa miwani, kisha bila miwani.

"Wahandisi," akasema, na akatikisa kichwa kwa kuwahurumia.

Nilimwambia simu yangu ina ramani ya dunia nzima. Akanijibu kwamba simu inamwonyesha mtu mahali alipo, na yeye mahali alipo anapajua.

Jumanne ya wiki ya tatu, Mama alileta chakula cha mchana dukani mwenyewe, jambo ambalo si kawaida yake. Alikuwa amevaa gauni jipya, eti analijaribu. Akasimama mbele ya ramani. Akaanza kutembeza kidole, taratibu, kutoka juu hadi chini, midomo ikisoma majina bila sauti. Akarudi juu, akashuka tena. Akasoma ubao wa mpango, siku zote kumi na mbili.

"Hili ndilo jimbo lote?"

"Lote," Baba akasema kwa majivuno, pini tatu mdomoni. "Hakuna kilichobaki."

Mama aliweka bakuli mezani, akaondoka. Nilimfuata hadi barabarani.

"Mji wa dada yangu haupo," akaniambia. "Ameukata. Amechukua mkasi akaukata kwenye ramani, ili nisiuone."

"Mama, Baba hawezi..."

"Baba yako na mkasi unaniambia mimi? Na usimwambie neno. Nilisema sitamwomba, sitamwomba."

Nikatoa simu yangu palepale nikautafuta. Mji upo, tena si mdogo, umekaa katikati ya jimbo kando ya barabara kubwa. Nikarudi dukani, nikaiangalia ramani ya ukutani kwa macho yangu mawili. Haupo. Moto ulinipanda kichwani. Siku mbili zilizofuata nilimjibu Baba kwa "ndiyo" na "hapana", na suruali za wateja nilizipiga pasi kana kwamba ndizo zilizomtukana Mama Mkubwa. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Nyumbani kwetu tulikuwa watu wazima watatu wenye akili timamu, na hakuna aliyeuliza.

Jioni ya Jumanne ileile Mama alikuwa ametangaza kwamba magoti yanamsumbua, yeye hasafiri. Twende sisi.

"Magoti?" Baba akaniuliza kesho yake, kwa sauti ya chini kama anayeulizia ugonjwa wa aibu. "Juzi si alipanda kiti kutoa utando wa buibui?"

"Muulize mwenyewe."

Hakuuliza. Basi lilikuwa liondoke Jumamosi, na wakala wa mabasi alitaka majina ya wasafiri Alhamisi kabla ya saa sita mchana, la sivyo anaviuza viti. Mpaka Alhamisi asubuhi Baba alikuwa na majina mawili tu kwenye karatasi, na alikuwa amekonda uso. Alizunguka meza ya kukatia mara nyingi bila kukata chochote. Mwisho akaishusha ramani ukutani.

"Ipige pasi," akaniambia. "Tutaikunja tuende nayo. Pale katikati mshono umekunjamana."

"Ramani nayo ipigwe pasi?"

"Mshono usiopigwa pasi haujaisha kushonwa. Nimekufundisha nini miaka yote?"

Alinifundisha kwamba mshono hupigwa pasi kwa nyuma, tena kwa kuufungua: unachukua zile pindo mbili za ndani zilizobaki baada ya kushona, unazilaza moja huku, moja kule. Nikaigeuza ramani kifudifudi, nikapunguza moto wa pasi. Pindo zile zilikuwa nene ajabu. Fundi mwingine huacha upana wa kidole kimoja ndani ya mshono. Baba, sijui tangu lini, alikuwa na tabia ya kuacha vidole vitatu kila upande, mpaka wateja wanalalamika kwamba suruali zake ni nzito kwa ndani. Nilikuwa nikisema ni uzee.

Nikaingiza kidole, nikazitenganisha, nikapitisha pasi. Na pale chini ya pasi ikatokea rangi. Barabara kubwa ikatokea. Mto ukatokea. Vijiji, vituo, daraja, kilomita mia nzima za nchi ya watu zilizokuwa zimefumbatana gizani. Na pembeni kabisa ya mstari wa uzi, kando ya barabara, nukta nyeusi na jina la mji wa Mama Mkubwa.

"Baba!" Nilipiga kelele, mteja mlangoni akarudi nyuma. "Umemshonea Mama Mkubwa ndani!"

Akaja mbio. Akavaa miwani. Akainama juu ya meza, akaigusa ile nukta kwa ncha ya kidole, kisha akavuta kiti akakaa.

"Wiki mbili," akasema. "Wiki mbili nautafuta mji huu. Nimepita jina moja moja kwa ncha ya sindano. Nikasema labda ni mdogo, hawakuuandika. Siku tatu nimewaachia pale ubaoni, ya sita mpaka ya nane, sijui niziweke wapi."

"Yale mapumziko?"

"Sasa niandike nini? Nitaandikaje mji nisioujua uliko?"

"Si ungemuuliza Mama!"

"Nimuulize nini? Miaka tisa, nimuulize ndugu yake wa pekee anakaa upande gani? Ataniona mtu wa namna gani?"

"Na mimi je? Si nina simu?"

"Wewe ulikuwa umenuna," akasema.

Akainuka, akaenda kwenye rafu ya vitambaa, akatoa nyuma kabisa furushi la karatasi ya kaki. Ndani mlikuwa na koti la rangi ya samawati iliyoiva, bitana ya hariri, vifungo vya pembe ambavyo huwa anawaonyesha wateja lakini hawauzii. Matundu ya vifungo alitoboa mwenyewe, kwa siri, asinipe mimi. Niliangalia upana wa mgongo, nikamjua mwenyewe bila kuambiwa. Nikaligeuza ndani. Mishono yote ilikuwa na akiba ya vidole vitatu kila upande, ya kufumuliwa mtu akinenepa. Pale mgongoni aliweka vinne.

Siku mbili nimemwita baba yangu mwenye kinyongo moyoni mwangu, kumbe yeye anashona.

Mama akaingia na bakuli la chakula, katika gauni lake la kila siku. Akakuta ramani imelala kifudifudi mezani na sisi tumeizunguka kama tuliomwona mgonjwa akifumbua macho. Nikafungua mdomo nianze kueleza, Baba akaninyamazisha kwa mkono.

Alichukua ncha za utepe, akazivuta shingoni, kulia, kushoto. Sijawahi kumwona amekosa maneno mbele ya mtu asiyemdai suruali.

"Twende kwa dada yako," akasema.

"Na lile koti," Baba akaendelea, akiangalia sakafu. "Kitambaa hakikutosha. Nilimbana. Nilimwachia nusu kidole, na nilijua ninachofanya. Nikasema bwana mkubwa kama yule atainamia nini."

"Miaka tisa umeniambia ni tumbo," Mama akasema.

"Tumbo nalo lilikuwepo."

Mama akaweka bakuli chini. Akaja mezani, nikamwonyesha. Aliinamia jina lile kwa muda mrefu, kisha akaweka kiganja chote juu yake, karatasi bado ina joto la pasi.

"Ulikuwa humu," akasema, na sijui alikuwa anaongea na mji au na dada yake. Akamgeukia Baba. "Mimi nikajua umeukata kwa mkasi."

"Mimi?" Baba aliumia kweli. "Nikate kitu sijakipima?"

Hapo Mama akacheka, akacheka mpaka akashika ukingo wa meza, na machozi yakamtoka, na safari hii hakusingizia mtandao. Baba akachukua wembe, akaanza kufumua mshono, uzi mmoja mmoja, kwa uangalifu ule anaofumulia nguo ya gharama. Nikamkumbusha kwamba ni saa sita kasoro dakika kumi na tano na wakala hana simile. Mama alikuwa ameshafika mlangoni.

"Magoti, Mama?" nikamwambia.

"Nyamaza wewe."

Kwa wakala alifika wa kwanza, sisi wenye magoti mazima tukiwa nyuma tunahema. Viti vitatu vikaandikwa. Baba akafuta kwa kalamu ule mpango aliokuwa ameunakili kwenye karatasi, kola, mabega, ziwa na pindo, akaandika mji mmoja kwa siku zote kumi na mbili. Nilimuuliza jimbo lililobaki tutaliona lini. Akasema tutaliona dirishani, tena bure.

Mama hakuweza kungoja Jumapili. Alipiga simu palepale nje kwa wakala, akafungua sauti tusikie wote. Mama Mkubwa alipoelewa anaambiwa nini alipiga ukelele uliowageuza watu wawili barabarani. Wakasemezana kwa pamoja kwa muda, hakuna anayemsikiliza mwenzake. Mwisho Mama akafuta uso, akarudia sauti yake ya kawaida.

"Na mumeo mwambie apunguze kula mpaka Jumamosi. Kuna koti linakuja."

Kwa mbali, nyuma ya Mama Mkubwa, tukasikia sauti nzito ambayo haikusikika kwetu miaka tisa. "Koti gani? La nani?"

Baba akanyoosha mkono, akaichukua simu kutoka kwa Mama. Alikohoa kidogo.

"Kula tu, mwanyumba," akasema. "Safari hii nimekuachia vidole vitatu kila upande."